Baridi ya Nyuzi Joto 18: Utabiri wa Kipupwe Usomwapo Mbagala na Bunju

Kila mwaka, mvua za masika zinapoelekea ukingoni, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa ya mwelekeo wa joto, upepo na mvua kwa msimu wa kipupwe, yaani miezi ya Juni, Julai na Agosti. Taarifa hiyo husomwa redioni na kuchapishwa magazetini, na wakazi wa Makete, Njombe, Mufindi na Mbeya huisikiliza kwa makini ya mtu aliyeandikiwa barua kwa jina lake. Kwao baridi ni jambo la shamba na la zizi. Katika uwanda wa Kitulo, usiku wa Julai, sakitu huweza kuyafunika majani hadi jua lichomozapo, na mashina ya viazi yaliyopitiwa nayo hunyauka na kuwa meusi kana kwamba yameunguzwa.

Mkazi wa Dar es Salaam hungoja sentensi moja tu, ile inayohusu pwani. Kwa kawaida sentensi hiyo huwa na maneno ya upole: baridi ya wastani, joto kiasi. Akishaisikia, hurudi kwenye shughuli zake. Hakuna theluji itakayoanguka Mbagala, wala hakuna dimbwi la Tegeta litakaloganda, habari imekwisha. Uamuzi huo mdogo wa kuiacha taarifa ipite unastahili kutazamwa upya, kwa kuwa imo miili katika nyumba za Kinondoni na Temeke ambayo taarifa ile inaihusu kama inavyovihusu viazi vya Kitulo.

Takwimu zenyewe hazitishi. Mwezi wa Julai, kiwango cha chini cha joto jijini huwa, kwa wastani, kati ya nyuzi joto 18 na 20, na alfajiri nyingine hushuka chini ya hapo. Mchana wa siku hiyohiyo joto hupanda hadi karibu nyuzi 29. Kwa mtu wa Oslo au Toronto hayo ni maelezo ya siku njema ya kiangazi. Hata hivyo Juni inapoingia, madereva wa bodaboda katika vijiwe vya Mbagala Rangi Tatu na Bunju huonekana wamevaa makoti mazito yaliyoshonwa kwa ajili ya majira ya baridi ya Ulaya na Marekani, yaliyofika nchini katika marobota ya mitumba. Koti la theluji limefika Dar es Salaam, theluji yenyewe imebaki huko ilikotoka, na dereva anayelivaa hafanyi maigizo. Anasikia baridi kweli.

Tanzania, kwa hakika, haikosi theluji. Ipo kileleni Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na ndiyo iliyozua ubishi mkubwa katika karne ya 19. Tarehe 11 Mei 1848, mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann, akisafiri kutoka upande wa Mombasa kuelekea Uchagani, aliona kitu cheupe juu ya mlima. Alimwuliza kiongozi wake ni kitu gani. Kwa maelezo aliyoyaandika Rebmann mwenyewe, kiongozi alijibu kwamba hakijui, ila anadhani ni baridi. Huko London, mtaalamu wa jiografia W. D. Cooley alikataa katakata kuamini kwamba theluji inaweza kukaa karibu na ikweta. Rebmann alikuwa sahihi, na barafu aliyoiona sasa inatoweka: kati ya 1912 na 2007, asilimia 85 hivi ya eneo lililofunikwa na barafu mlimani ilipotea.

Lakini jibu la kiongozi yule lina faida zaidi kwa tabibu kuliko ubishi wote wa London. Hakutaja weupe wala umbo. Alikitaja kitu kwa kile kinachoutenda mwili. Katika tiba pia baridi ni hivyo: ni joto kuutoka mwili kwa kasi kuliko mwili unavyoweza kulirudisha, na jambo hilo huweza kutokea pasipo theluji, katika chumba ambacho watu wazima wote waliomo wanakiona kuwa cha kawaida.

Baridi ya pwani huletwa na kusi. Katika miezi hiyo jua la utosi liko kaskazini ya ikweta, nusu ya kusini ya dunia imo katika majira yake ya baridi, na mgandamizo mkubwa wa hewa hujijenga katika Bahari ya Hindi karibu na visiwa vya Mascarene na kusini mwa Afrika. Hewa hutoka huko ikielekea kaskazini, na hufika pwani ya Tanzania ikiwa na nguvu, ikiwa pia kavu kuliko ile ya masika. Waswahili waliujua mwenendo huo kabla ya vipimajoto. Mwaka wao wa jua, uliohesabiwa kuanzia Nairuzi, uligawanywa katika miongo ya siku kumi kumi, na nahodha alijua ni mwongo upi wa kutweka tanga na upi wa kukipandisha chombo pwani. Mwaka Kogwa unaoadhimishwa Makunduchi, Unguja, kila Julai ni masalia ya hesabu hiyo. Mamlaka ya leo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019 na kuchukua nafasi ya Wakala wa Hali ya Hewa, nayo hutoa taarifa za kila siku kumi. Mwongo umerudi kwa mlango mwingine.

Si kila mtaa hupata baridi ileile. Katikati ya jiji, zege na lami za Posta na Kariakoo hulihifadhi joto la mchana na kulitoa polepole usiku. Pembezoni mambo ni mengine. Mabwepande, ambako Serikali iliwapa viwanja waathirika wa mafuriko ya Desemba 2011, pamoja na Bunju, Chamazi na Toangoma, bado yana maeneo ya wazi. Usiku usio na mawingu joto la ardhi hupaa bila kizuizi, na hewa baridi hutuama mabondeni. Nyumba nazo hazikujengwa kwa ajili hiyo. Nyumba ya Dar es Salaam hujengwa ili ishindane na joto: madirisha ya nondo na wavu, matofali yenye matundu juu ya mlango, paa la bati ambalo mara nyingi halina dari. Yote hayo ni busara mwezi wa Februari. Mwezi wa Julai, saa kumi na moja alfajiri, ni kama kulala nje chini ya mwavuli.

Saa hiyo ndiyo watu wa pembezoni huwa wameshaamka. Anayefanya kazi Kariakoo na kulala Mbande hutoka nyumbani jua likiwa mbali, joto likikaribia kiwango chake cha chini kabisa. Hupanda bodaboda hadi barabara kuu, upepo wa mwendo ukimpiga kifuani, kisha huingia katika daladala ambayo abiria wake wamefunga madirisha yote. Watoto wa shule huwa njiani saa hizohizo.

Je, baridi ndogo namna hiyo inaweza kudhuru? Mwaka 1997 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliolinganisha vifo vya majira ya baridi katika maeneo kadhaa ya Ulaya. Joto liliposhuka kwa nyuzi 1 chini ya nyuzi 18, vifo viliongezeka kwa asilimia 0.27 kusini mwa Finland. Athens viliongezeka kwa asilimia 2.15. Mtu angetarajia kinyume chake. Watafiti walipochunguza maisha ya kila siku walikuta kwamba, kwa kiwango kilekile cha baridi ya nje, watu wa maeneo ya joto walikuwa na nyumba zenye ubaridi zaidi na walivaa nguo chache zaidi walipotoka. Mwaka 2015 jarida hilohilo lilitoa uchambuzi wa vifo zaidi ya milioni 74 katika nchi 13. Asilimia 7.7 hivi ya vifo hivyo vilihusishwa na joto au baridi isiyofaa, na sehemu kubwa mno ilitokana na baridi, tena zaidi baridi ya kadiri kuliko ile kali inayotangazwa kwa kishindo. Miongoni mwa nchi hizo 13 haikuwamo hata moja ya Afrika, pengo ambalo ni vigumu kulitetea. Uchambuzi uliofanyika baadaye kuhusu Afrika Kusini ulionyesha mwelekeo uleule: baridi ilihusishwa na vifo vingi kuliko joto.

Dar es Salaam si Athens wala Johannesburg, na asilimia hizo haziwezi kuhamishwa kama samani. Kinachohamishika ni mantiki yake. Madhara hufuata tofauti iliyopo kati ya kile kipimajoto kinachosema na kile ambacho mwili, nguo na nyumba vimejiandaa kukipokea.

Hakuna wanaoijua tofauti hiyo kama watu wenye selimundu, ugonjwa ambao mitaani huitwa zaidi sikoseli. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao. Makadirio yanayotumiwa mara nyingi ni watoto 11,000 hivi kila mwaka. Huko Muhimbili wagonjwa wamekuwa wakifuatiliwa kwa utaratibu wa kitafiti tangu 2004, kazi iliyoongozwa na Profesa Julie Makani na wenzake wa Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili.

Kinachotokea ndani ya mwili ni hiki. Chembe nyekundu ya damu ya mgonjwa hubeba hemoglobini ya aina ya S. Hemoglobini hiyo ikiwa na oksijeni hutulia. Ikishaitoa oksijeni, molekuli zake huanza kushikamana na kuwa mithili ya kamba ngumu, zinazoipinda chembe hadi iwe na umbo la mundu. Kushikamana huko hakutokei papo hapo. Huchukua muda mfupi, na mara nyingi chembe huwahi kupita katika mishipa midogo na kurudi mapafuni kabla haijapinda. Usalama wa mgonjwa umo katika mwendo wa damu yake. Ngozi inapopoa, mishipa midogo hujibana ili kuhifadhi joto, damu hupita polepole, na chembe hujikuta zingali njiani muda wake umekwisha. Hukwama, huziba njia, na mfupa au msuli ulio mbele hukosa damu. Maumivu yanayofuata huwafanya watu wazima wenye ustahimilivu wao walie.

Kwamba hilo hutokea hata katika nchi za joto si jambo jipya. Mwaka 1976 madaktari wa Jamaika walichapisha matokeo yaliyohusisha maumivu makali ya selimundu na miezi ya baridi ya kisiwa hicho, na baridi ya Kingston haitofautiani sana na ya Dar es Salaam. Wagonjwa wa kisiwa hicho walipoulizwa nini kiliyatangulia maumivu, kilichotajwa zaidi ya kingine chochote ni kupoa kwa ngozi: kunyeshewa, kuogelea, kuoga maji baridi. Tafiti hazikubaliani katika kila jambo. Utafiti mmoja wa London haukuona uhusiano na kipimo cha joto, bali uliuona na kasi ya upepo na ukavu wa hewa. Kwa jiji linalopigwa na kusi miezi mitatu mfululizo katika msimu wake mkavu, matokeo hayo ya London hayapunguzi wasiwasi hata kidogo.

Kwa mzazi wa Charambe au Wazo mwenye mtoto wa selimundu, basi, utabiri wa kipupwe ni ratiba. Maji ya kuoga hupashwa moto, au kuoga huhamishiwa alasiri. Sweta na soksi huvaliwa kabla ya kutoka nje, si baada ya mtoto kuanza kutetemeka. Na shule inayomvua mtoto wa namna hiyo sweta lake kwa sababu halifanani na sare imeweka rangi mbele ya damu. Maji ya kunywa hayapunguzwi ati kwa kuwa kiu imepungua, kwani katika baridi kiu hupungua kweli ilhali mwili bado unayahitaji. Dawa za kila siku haziachwi. Na pale inapotokea homa, kifua kubana au kupumua kwa shida, udhaifu wa ghafla wa upande mmoja wa mwili, weupe wa ghafla wa macho na viganja, au kwa mvulana uume kusimama kwa saa kadhaa pamoja na maumivu, safari ya hospitali haingoji mapambazuko. Temeke na Mwananyamala zina hospitali za rufaa za mkoa. Hakuna sababu ya kuvuka jiji zima usiku kumtafuta daktari aliyezoeleka kabla mtoto hajapata dawa ya maumivu, maji na oksijeni.

Kundi la pili haliwezi hata kusema kwamba linasikia baridi. Shirika la Afya Duniani lilipata kueleza jambo hili kwa mfano ambao ungestahili kubandikwa katika kila chumba cha kujifungulia nchini: mtoto mchanga aliye uchi katika chumba cha nyuzi joto 23 hupoteza joto sawa na mtu mzima aliye uchi katika nyuzi 0. Nyuzi 0 ndicho kiwango ambacho maji huganda. Kwa mtoto aliyezaliwa Mbagala usiku wa Julai, huku feni ikizunguka kwa sababu mkunga ana jasho na madirisha yakiwa wazi kwa sababu ndivyo yalivyo siku zote, theluji imeanguka.

Sababu ni za kimaumbile. Mtoto huzaliwa akiwa amelowa, na maji yanayokauka juu ya ngozi huondoka na joto. Ngozi yake ni pana ikilinganishwa na uzito wake, kichwa chake ni kikubwa, na hawezi kutetemeka ili azalishe joto kama mtu mzima. Hutegemea mafuta maalumu ya kahawia yaliyomo mwilini, ambayo aliyezaliwa kabla ya wakati anayo machache. Joto la kawaida la mtoto mchanga ni kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Likishuka, hunyonya kwa udhaifu. Akinyonya kwa udhaifu sukari hushuka. Sukari ikishuka hupoa zaidi. Miguu baridi, ulegevu na kukataa ziwa ni dalili ambazo bibi na mama mkwe huzitambua mapema, ingawa mara nyingi huambiwa wangoje.

Tiba yake ya kwanza haina gharama. Mwaka 1978 madaktari wa Bogotá, Kolombia, wakiwa na upungufu wa vifaa vya kuwahifadhia watoto njiti, walianza kuwaweka watoto hao vifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ilipewa jina la kangaruu. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba mtoto mwenye hali tete lazima kwanza atulizwe kwa mashine, kisha ndipo apewe mama. Utafiti uliofanyika katika nchi tano, Muhimbili ikiwa miongoni mwa hospitali zake, ulibadili fikra hiyo. Watoto 3,211 waliozaliwa na uzito wa kati ya kilo 1 na chini kidogo ya kilo 1.8 waligawanywa: wengine waliwekwa kifuani mara baada ya kuzaliwa, wengine kwa utaratibu uliozoeleka. Katika siku 28 za mwanzo vifo vilikuwa asilimia 12.0 katika kundi la kwanza na asilimia 15.7 katika la pili. Utafiti ulisitishwa kabla ya muda wake kwa kuwa faida ilikuwa imeonekana wazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021, na mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani liliubadili mwongozo wake. Kifua cha mama wa Temeke, kwa ushahidi huo, kilikuwa sehemu ya jibu lililopokelewa dunia nzima.

Yaliyobaki ni mambo madogo yanayosahaulika. Chumba cha kujifungulia kinatakiwa kuwa na angalau nyuzi joto 25, na hilo halijulikani bila kipimajoto ukutani. Feni huzimwa mtoto anapotoka. Hukaushwa mara moja kwa kanga kavu, kisha kanga iliyolowa huondolewa na kuletwa nyingine; wengi hukumbuka ya kwanza na kuisahau ya pili. Kofia huvishwa. Kumwogesha huahirishwa kwa angalau saa 24, hata kama wageni wataona utando mweupe mwilini mwake na kunong'ona.

Nyumbani ndiko hatari ya tatu inakomsubiri, na hii huja ikiwa imevaa sura ya upendo. Mzazi anaporudi kutoka hospitali, katika baadhi ya nyumba za pwani huwekewa jiko la mkaa chumbani ili yeye na mtoto wapate joto katika siku 40 za uzazi. Kipupwe huongeza bidii hiyo. Dirisha hufungwa, pazia zito huteremshwa, kanga husokomezwa kwenye matundu ya ukuta. Mkaa umeshika vizuri, hautoi moshi, na kila mtu huridhika kwamba hauna madhara.

Kutokuwa na moshi ndiko kunakodanganya. Mkaa unaoungua mahali penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi, harufu wala mwasho. Gesi hiyo hushikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, hivyo kiasi kidogo chumbani hutosha kuinyima damu kazi yake. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito. Familia hudhani ni malaria au uchovu. Kuna ishara mbili zinazotofautisha: watu wawili au zaidi wa nyumba moja huanza kuumwa kwa wakati mmoja, na hupata nafuu wanapotoka nje. Anayelala nayo huenda asiamke. Kuweka bakuli la maji kando ya jiko hakusaidii, kwa maana gesi hiyo haiyeyuki majini kwa kiasi cha maana. Kwa mama mjamzito hatari ni maradufu, kwa kuwa mtoto aliye tumboni huathirika pia, wakati mwingine kuliko mama mwenyewe.

Anayekuta watu katika hali hiyo hufungua mlango na madirisha, huwatoa nje, kisha huwapeleka hospitali wakapewe oksijeni. Kwa mtu anayevuta hewa ya kawaida tu, nusu ya gesi iliyomo katika damu huchukua saa nne hadi tano kuondoka. Kwa oksijeni safi muda huo hupungua na kuwa saa moja na nusu hivi. Wahudumu wa zahanati wanapaswa kukumbuka jambo moja zaidi. Kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hakitofautishi oksijeni na kaboni monoksaidi, hivyo huweza kusoma asilimia 98 kwa mgonjwa anayekufa. Swali moja la kawaida, je, mlilala na jiko ndani, lina thamani kuliko mashine hiyo.

Anayetaka kumkanda mzazi kwa maji moto na amkande. Joto la maji halina sumu. Anayetaka joto la chumba apashe jiko uani, achemshe maji, ajaze chupa, aifunge vizuri na kuizungushia kitambaa, ailaze kitandani kabla ya mtoto kulala na kuiondoa anapolazwa. Blanketi la mitumba huzuia baridi kuliko jiko, na halihitaji kulindwa usiku kucha.

Mengine yaweza kutajwa kwa haraka. Mafua hayasababishwi na baridi bali na virusi, lakini virusi hivyo hupenda watu waliosongamana mahali palipofungwa, na daladala ya kipupwe ni mahali hapo hasa. Dirisha moja lililo wazi kidogo humfaa kila abiria. Wenye pumu husumbuliwa na hewa baridi ya alfajiri pamoja na vumbi la barabara za udongo za pembezoni, hivyo dawa ya kuvuta isiachwe nyumbani. Wazee wenye shinikizo la damu watapata vipimo vya juu zaidi katika miezi hii, kwa sababu ya mishipa ileile inayojibana. Wavuvi wa Kunduchi na Ununio, wanapotangaziwa upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, waelewe kwamba hatari si chombo kupinduka tu, maana mwili uliolowa hupoa upesi usiku kucha. Na homa ya Juni isiitwe ya baridi kabla ya kupimwa, kwani malaria iliyopandwa na masika huvunwa katika miezi hiihii.

Namna ya kuisoma taarifa yenyewe ni rahisi. Neno linalotafutwa ni kiwango cha chini cha joto katika kanda ya pwani, pamoja na maelezo kwamba kinatarajiwa kuwa juu ya wastani, wastani au chini ya wastani. Baada ya hapo hutazamwa upepo. Utabiri wa msimu hauwezi kusema alfajiri ipi itakuwa mbaya. Hiyo ni kazi ya taarifa za siku kumi na za kila siku, ambazo simu yoyote yenye intaneti huzipata. Kliniki ya selimundu au ya mama na mtoto ya Mbagala au Tegeta inayopanga mafunzo yake ya mwisho wa Mei kwa kuifuata taarifa hiyo huwafikia wazazi wiki mbili au tatu kabla ya kusi kushika kasi, muda unaotosha kununua sweta.

Mwishoni mwa Agosti upepo huanza kulegea. Demani huingia, ngalawa hutoka tena, makoti mazito huanikwa na kukunjwa. Ndipo Mamlaka hutoa taarifa nyingine, ya mvua za vuli, na hiyo watu wa Jangwani na wa mabonde ya Mbagala huisoma neno kwa neno bila kuhimizwa na mtu.